Farasi Akitupa Mimba: Usilitupe Kondo la Nyuma

Farasi jike akitupa mimba, macho ya kila mtu huenda kwenye kijusi. Kina kichwa, kina kwato, kinatia huzuni. Kondo la nyuma huachwa kwenye nyasi za banda. Mbwa hulikokota, au mfanyakazi hulitupa shimoni akidhani anafanya usafi. Sisi tunaopasua mizoga hii twaumizwa na jambo hilo kuliko jingine lolote, kwa sababu mara nyingi jibu limo ndani ya kondo, na kijusi chenyewe hakionyeshi zaidi ya kwamba kilikosa hewa. Kwa hiyo tunaanzia bandani, kabla kisu hakijashikwa.

Mpaka ithibitike vingine, mchukulie jike huyo kuwa na ugonjwa wa kuambukiza. Abaki bandani mwake peke yake, na majike wenye mimba waliokuwa naye wasihamishiwe kundi jingine. Kijusi na tando zote vitiwe kwenye mfuko mzito wa plastiki usiovuja, mfuko huo utiwe ndani ya mwingine, kisha ndani ya ndoo yenye kifuniko. Usioshe kitu. Maji ya bomba huondoa usaha uliokuwa juu ya kondo na kuleta bakteria wa sakafuni. Usigandishe pia: barafu hupasua seli, na anayetazama kwenye hadubini hataambulia kitu. Baridi ya nyuzi 4 inatosha, na kupasua siku ileile ndiko bora. Nyasi zilizolowa zimwagiwe dawa ya kuua vijidudu zikiwa palepale, ndipo zitolewe nje.

Mtu naye ajilinde. Mwaka 2014, katika jimbo la New South Wales, Australia, wafanyakazi na wanafunzi wa chuo cha udaktari wa mifugo waliugua mapafu baada ya kushika tando za uzazi za farasi zilizokuwa na Chlamydia psittaci, bakteria ambao wengi waliwajua kama kisababishi cha ugonjwa wa kasuku. Leptospira, bakteria wanaotoka na mkojo, nao hupenya kwenye mkwaruzo wa ngozi. Glavu ndefu, aproni, mabuti, miwani na barakoa inayobana uso si mapambo. Mwanamke mjamzito asiikaribie kazi hii.

Pamoja na ndoo yaje maelezo, na maelezo mafupi ya "katupa mimba jana" hayasaidii. Tunataka tarehe ya kupandwa, kwa sababu farasi hubeba mimba siku 340 hivi na umri wa kijusi huelekeza mawazo: kabla ya siku 300 tunaita kutupa mimba, baada ya hapo tunaita kuzaa mfu. Tunataka chanjo na tarehe zake. Je, kuna farasi mgeni aliyeingia shambani, au jike huyu alisafirishwa? Kiwele kilijaa mapema na maziwa yakadondoka wiki kadhaa kabla? Hilo hutokea kondo likiwa na maambukizi au mimba ikiwa ya mapacha. Kipimo cha mwanzo cha mimba kilionyesha kijusi kimoja au viwili? Na malisho yakoje, kuna viwavi? Swali hilo la mwisho lina historia yake, tutalifikia.

Sasa kondo. Hutoka likiwa limegeuka ndani nje: upande laini, mweupe wenye mishipa, huwa nje, na upande mwekundu wa mahameli, yaani wenye vijinyuzi vidogo vilaini, uliokuwa umeshikana na mji wa mimba hufichika ndani. Pande zote mbili lazima zitazamwe. Litandaze kwenye sakafu safi kwa umbo la herufi F: mwili wa kondo ndio mguu wa herufi, na pembe mbili ndizo mikono yake. Pembe iliyobeba kijusi ni kubwa na ncha yake hujaa maji kidogo. Hilo ni kawaida. Ile tupu ni nyembamba yenye mikunjo. Hesabu ncha zote mbili. Ncha ya pembe tupu ndiyo hukatika na kubaki ndani ya jike mara nyingi zaidi, na ikikosekana mezani, mpigie simu daktari aliyeko shambani kwanza, ndipo uendelee na kazi. Kondo ambalo halijatoka lote baada ya saa 3 ni dharura: sumu za bakteria humletea jike ugonjwa wa kwato ambao unaweza kummaliza.

Pima uzito. Kondo lote na tando zake huwa kama asilimia 11 ya uzito wa mtoto, yaani kilo 5 na nusu kwa mtoto wa kilo 50. Likifika asilimia 14 au zaidi, kuna maji au uvimbe ndani yake na lazima utafute sababu.

Kisha tazama rangi na mahameli yake, na hapa ndipo wanaoanza hukosea. Kuna sehemu za kondo ambazo kwa asili hazina mahameli: nyota iliyo mkabala wa mlango wa kizazi, sehemu ndogo kwenye ncha za pembe mkabala wa mirija ya uzazi, mistari juu ya mishipa mikubwa, na eneo la mikunjo karibu na kitovu. Wengine wameandika "ugonjwa" walipoona hizi. Vibonge vya kahawia vinavyoelea kwenye maji ya utando ni mashapo tu. Vipele vyeupe vidogo kwenye utando wa ndani na kwenye kamba ya kitovu ni vya kawaida. Masalia ya kifuko cha kiini yanaweza kuwa magumu kama mfupa, na yamewahi kudhaniwa kuwa pacha.

Kisicho cha kawaida ni nyota kuwa nene, ya kahawia, imepoteza mahameli na kufunikwa na ute mzito, huku mpaka kati yake na sehemu nyekundu ukionekana wazi. Hayo ni maambukizi yaliyopanda kupitia mlango wa kizazi. Streptococcus zooepidemicus na E. coli ndio wanaopatikana zaidi. Ukungu wa Aspergillus nao hufanya kondo kuwa gumu kama ngozi iliyotiwa dawa. Kwa kuwa ugonjwa huu huchukua wiki nyingi, kijusi huwa kidogo kuliko umri wake. Lakini kama doa hilo nene lenye ute wa kahawia liko mbele, pale mwili unapogawanyika kuwa pembe, na nyota yenyewe ni safi, fikiria bakteria wa kundi la nokadia, kina Amycolatopsis na Crossiella, ambao wamejulikana sana Kentucky, Marekani. Mahali pa kidonda panakuambia nani aliyefanya kazi hiyo kabla maabara haijajibu. Kondo lililokatwakatwa na kutiwa kwenye chupa vipande vitatu haliwezi kukuambia hayo.

Angalia pia lilipopasukia. Kawaida mtoto hutokea kwenye nyota. Nyota ikiwa nzima na mpasuko uko kwenye mwili, kondo lilijitenga na mji wa mimba kabla ya wakati na mtoto akakosa hewa.

Kiungamwana, yaani kamba ya kitovu, kinahitaji utulivu. Kipime kabla hujakikata. Kwa farasi wa mbio urefu wa sentimita 36 hadi 83 ni wa kawaida, wastani ukiwa 55 hivi. Kikizidi 80 hatari ya kujisokota hupanda. Katika uchunguzi wa visa 1,252 vilivyoletwa kwenye maabara ya Newmarket, Uingereza, kati ya 1988 na 1997, kujisokota kwa kiungamwana kulikuwa sababu ya asilimia 35.7, kuliko sababu nyingine yoyote. Virusi vya herpesi vilikuwa asilimia 6.5 na mapacha asilimia 6. Huko Kentucky maambukizi ya kondo ndiyo yaliyoongoza. Takwimu za nchi moja usizibebe kwenda nyingine kana kwamba ni sheria.

Takwimu hiyo ya Newmarket pia imewaletea watu uvivu. Wanaona mizunguko minne kwenye kamba, wanaandika "kiungamwana kimejisokota", wanafunga faili. Mizunguko minne au mitano huonekana hata kwa watoto waliozaliwa hai wakakimbia. Ili uandike hivyo kwa dhati unahitaji ushahidi kwamba damu ilizibwa: kamba imevimba maji sehemu moja na kubanwa nyingine, kuna madoa ya damu kwenye kuta zake, mfereji wa mkojo unaopita ndani ya kamba umefura kama vifuko, na ukiinyoosha kamba, alama za msokoto hubaki. Mishipa ya kondo yenye damu iliyoganda au chembe za chokaa kwenye hadubini huongeza uzito. Kijusi chenyewe mara nyingi huwa kimelainika na kuwa chekundu-kahawia, kwa kuwa kilikufa siku kadhaa kabla ya kutoka. Bila ishara hizo, mizunguko ni mizunguko tu, endelea kutafuta.

Kamba ndefu ina hila nyingine. Sehemu ya kondo iliyo karibu na mlango wa kizazi hukosa damu na kufa, ikawa na rangi hafifu na mpaka mkali. Kwa macho hufanana na maambukizi ya nyota, ila haina usaha. Hadubini ndiyo inayotenganisha.

Sasa kijusi. Pima uzito, na urefu kutoka utosini hadi shina la mkia. Mimba ya miezi mitano ina urefu wa sentimita 25 hadi 37, na nywele chache juu ya macho. Ya miezi minane ni 60 hadi 80, singa zimeanza. Ya miezi tisa imefunikwa na manyoya laini mwili mzima. Linganisha na tarehe ya kupandwa. Kwato zikiwa bado na ngozi laini ya manjano isiyochakaa, mtoto hakuwahi kusimama.

Mlaze kwa ubavu wa kulia, kata kwapa na nyonga ya kushoto uvirudishe viungo nyuma, kisha pasua kutoka kidevuni hadi kwenye kinena. Fungua tumbo na kifua bila kugusa utumbo. Kabla hujashika kitu, tazama maji yaliyomo. Maji mekundu ndani ya mzoga uliolainika ni ya kawaida na hayasemi chochote. Maji ya njano, maangavu, mengi, ndani ya kijusi ambacho bado ni kibichi, yakushtue: hiyo ni moja ya sura za herpesi.

Sampuli za bakteria hutangulia, kabla ya tumbo kuchafuka. Choma uso wa tumbo la chakula kwa kisu bapa kilichotiwa moto, ingiza sindano isiyo na vijidudu, vuta mililita 5 hadi 10. Kijusi humeza maji yanayokizunguka, kwa hiyo tumbo lake ni hifadhi ya kilichokuwamo ndani ya chupa ya uzazi, na ni safi kuliko kondo lililoburuzwa sakafuni. Bakteria yuleyule akipatikana tumboni, kwenye pafu na kwenye kondo, ana hatia. Akipatikana kwenye kondo tu, pamoja na wengine watano, huyo ni wa sakafuni.

Vuta pia damu ya moyo au maji ya kifua. Kondo la farasi halipitishi kinga za mama. Mtoto huzisubiri kwenye dang'a. Kwa hiyo kinga maalumu zikionekana kwenye damu ya kijusi ambacho hakijanyonya, kijusi chenyewe kilipambana na mdudu huyo. Kwa Leptospira kipimo hiki kina thamani kubwa.

Vipande vya pafu, ini, bandama, figo, tezi ya thaimasi iliyo mbele ya moyo, tezi ya adrenali na kondo vitiwe kila kimoja kwenye chombo chake, vibichi, vikiwa baridi, kwa ajili ya PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya vijidudu. Seti nyingine ya vipande hivyohivyo, pamoja na moyo, ubongo, thairoidi na utumbo mwembamba, iende kwenye fomalini ya asilimia 10. Unene usizidi sentimita 1, na fomalini iwe mara kumi ya tishu. Pande kubwa la ini lililosongwa kwenye chupa ya mdomo mwembamba huoza katikati huku nje likionekana zuri, na likishakuwa gumu halitoki bila kuvunja chupa. Kwenye kondo usichukue kipande kimoja: kata nyota, mwili, pembe zote mbili, utando wa ndani na kiungamwana. Na usisafirishe fomalini mfuko mmoja na swabu (vijiti vya pamba) za bakteria, mvuke wake huwaua.

Herpesi ya farasi aina ya kwanza, EHV-1, humfanya jike atupe mimba kwa ghafla, mara nyingi katika theluthi ya mwisho. Jike haonyeshi kuumwa. Kijusi huwa kibichi, mara nyingine kimetoka kikiwa bado ndani ya tando zake. Tishu chini ya ngozi zina maji na umanjano. Mapafu ni mazito, yamevimba hadi mbavu zimeacha alama juu yake. Kwenye ini kuna vidoa vyeupe vya milimita moja hivi, na ndani ya koromeo la hewa unaweza kuvuta utando wa protini iliyoganda. Hadubini huonyesha vijazo, yaani madoa yanayoachwa na virusi, ndani ya viini vya seli za ini na za njia za hewa. Ukiviona vyote hivi hutasahau. Tatizo ni visa ambavyo havionyeshi kitu: kijusi kizuri, safi, PCR ya pafu na ini hasi, na virusi vimo kwenye mishipa ya mji wa mimba na kwenye kondo tu. Maabara ambayo haikuletewa kondo itatoa jibu hasi, na shamba litaruhusiwa kuhamisha farasi tena. Tumesema kuhusu kondo, na tutazidi kusema. Chanjo ya mwezi wa 5, 7 na 9 hupunguza uwezekano wa majike wengi kutupa mimba kwa pamoja. Haimkingi kila mmoja, kwa hiyo "amechanjwa" si sababu ya kuacha kupima.

Leptospira huacha ini lililovimba na manjano, figo zenye michirizi hafifu, na kiungamwana chenye uvimbe. Jike hutoa vijidudu kwenye mkojo kwa wiki nyingi, na wanaofagia banda lake lazima waambiwe.

Mapacha hujieleza wenyewe ukitandaza kondo vizuri: sehemu mbili zilizogusana hazina mahameli. Tafuta yule wa pili, kwani huenda alikufa zamani, amekauka, na amejibana kwenye mkunjo. Kupima mimba kwa mawimbi ya sauti kumepunguza sana visa hivi, lakini havijaisha.

Na viwavi. Mwishoni mwa Aprili na Mei 2001, majike wa Kentucky ya kati walianza kutupa mimba kwa mamia, na maabara ya Lexington ikapokea vijusi kwa makumi kwa siku. Kilichopatikana kilichanganya: bakteria wa kawaida wa mdomoni na tumboni, kina Actinobacillus na streptokoki wasio wakali, pamoja na mapafu yenye uvimbe. Watu walifikiria sumu ya ukungu kwenye nyasi, na sianidi ya majani ya mcheri mwitu. Lakini waliopasua waliendelea kuandika jambo moja dogo: sehemu ya kiungamwana iliyo ndani ya utando wa ndani ilikuwa imevimba, imepoteza mng'ao, ya njano, ya kukwaruza. Walichunguza malisho, wakaona viwavi wanaojenga mahema ya nyuzi kwenye micheri, na mwaka 2002 majike waliolishwa viwavi hao katika majaribio walitupa mimba. Vinyweleo vya kiwavi vilipatikana vimechoma ukuta wa utumbo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba vinawafungulia njia bakteria wa tumboni hadi kwenye mimba. Hunter Valley, Australia, iliona ugonjwa unaofanana na huo mwaka 2004, kwa kiwavi wa aina nyingine. Kama wale wa Lexington wangeandika "bakteria wa kawaida, uchafuzi" na kuacha, jambo hilo lingechelewa. Eleza unachokiona hata kabla hujajua maana yake.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki, kuna kitu ambacho Newmarket hawakitafuti kila siku: vimelea vya damu vinavyoletwa na kupe, hasa Theileria equi, ambao hupita kondo kutoka kwa mama aliyebeba ugonjwa kimyakimya. Mzoga huwa na manjano kali, bandama kubwa na damu nyepesi. Pakaza damu na bandama kwenye vioo viwili, vikauke, vipakwe rangi ya Giemsa. Ni kazi ya dakika chache, na haihitaji mashine ya PCR. Punda pia wastahili uchunguzi huu huu. Mimba yao hufika miezi 12 au kuzidi, kwa hiyo usitumie jedwali la farasi kukadiria umri.

Kuna visa ambavyo vitabaki bila jibu, hasa mimba za chini ya miezi mitano zilizolainika kabisa. Andika ulichokikosa na kwa nini: kondo halikuletwa, mzoga uligandishwa, sampuli ilichelewa. Usijaze pengo kwa kumtwisha lawama bakteria wa kwanza aliyeota.

Jike mwenyewe atolewe damu siku ya kwanza, na tena baada ya wiki mbili hadi nne, maana kipimo kimoja cha kinga kwa farasi aliyechanjwa hakitofautishi chanjo na ugonjwa. Herpesi ikithibitishwa, hakuna farasi wa kutoka au kuingia shambani kwa siku 28 zisizopungua kuanzia mimba ya mwisho iliyotoka. Ikitoka nyingine siku ya 20, hesabu inaanza upya, na kondo lake nalo liletwe.